Bosi akitaka kukwea pipa lake mwenyewe

Sisi wa Mombo joto letu tunalo, vumbi letu tunalo, na mabasi yanaendelea kutumwagia abiria wenye njaa kama kawaida. Wiki hii nataka tuzungumze habari za ndege. Tena si ndege ya kupanda kwa tiketi, hapana. Nasema ndege ya kununua, ile ya jeti, yenye viti vya ngozi na pua iliyochongoka, bosi anaingia na mkoba wake na anamwambia rubani, "Twende."

Usicheke, bwana. Najua kwa wengi wetu Mombo ni mahali pa kushuka kwenye basi ule chipsi, ununue matunda ya Lushoto, au ubadili gari upande Soni. Reli ya Wajerumani ilifika hapa kutoka Tanga mwaka 1905, na tangu hapo kila anayekwenda milimani lazima aguse ardhi ya Mombo kwanza. Sasa kuna watu ambao hawataki tena kugusa ardhi. Hao ndio wamenifanya nishike kalamu.

Mpwa wangu ni mhasibu katika kampuni moja yenye shamba la mkonge huku kwetu na ofisi kuu Dar. Jina la kampuni nalihifadhi, maana ugali wa mpwa wangu unatoka humo. Siku moja ananipigia simu, sauti imepungua.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mama, vipi?"

"Bosi anataka kununua jeti. Ameniletea vipeperushi vitatu, anataka Jumatatu nimpe karatasi ya kusema ipi inafaa. Na huku wakata mkonge wanadai overtaimu ya miezi miwili, na korona imekufa beringi. Nifanyeje?"

Alinipigia mimi kwa sababu zamani niliwahi kukaa ofisi ya kampuni ya ndege za kukodi, kazi yangu kupanga safari na kugombana na marubani kuhusu mizigo. Nikamwambia, "Mama, usimwambie bosi kwamba jeti ni mbaya. Ukimwambia hivyo ataona wivu wa maskini. Wewe mpe hesabu, hesabu haina wivu." Basi hayo niliyompa mpwa wangu nayaleta na kwenu, maana siku hizi kila mwenye shamba, mgodi au hoteli anaota kukwea pipa lake mwenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Jeti ndogo za kampuni zipo za ngazi mbalimbali. Kuna zile nyepesi, za watu 4 mpaka 7 hivi, kama Embraer Phenom 100 na Phenom 300, au Cessna Citation za familia ya CJ. Halafu kuna za kati, watu 7 mpaka 9, kama Citation XLS. Juu yake kuna kubwa zaidi, na kule juu kabisa ndiko wanakokaa akina Gulfstream, ambazo ni nyumba inayoruka. Mchezo wenyewe si mgeni. Learjet ya kwanza ilikabidhiwa kwa mteja mwaka 1964, na Citation zikaanza kuingia sokoni mwaka 1972. Learjet yenyewe ilifungiwa mlango wa kiwanda, ya mwisho ikatoka mwaka 2022. Kwa hiyo ukiona mtu anakuuzia Learjet leo, jua anakuuzia kitu ambacho hakitengenezwi tena. Spea zipo, lakini uulize zipo wapi na kwa bei gani.

Sasa swali la kwanza ambalo bosi yeyote hulisahau: utatua wapi?

Kipeperushi kinasema Phenom 300 inahitaji njia ya kurukia kiasi cha mita 980. Bosi anasoma, anatabasamu, anasema, "Tanga inatosha." Ngoja kwanza. Namba za vipeperushi hupimwa usawa wa bahari, hewa ikiwa nyuzi 15. Nyuzi 15, ndugu yangu! Hiyo ni Lushoto mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi, tena umevaa koti. Ndege inainuliwa na hewa, na hewa ya moto ni nyepesi. Bawa linashika kidogo na injini inavuta kidogo. Kwa hiyo ndege ileile mchana wa Februari, jua la utosi, inahitaji njia ndefu zaidi. Ukiongeza na mwinuko wa ardhi mambo yanazidi kubana. Wilson kule Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Arusha iko kwenye mita 1,400 kasoro kidogo. Rubani wa huko hachukui mafuta na abiria kama anavyotaka, anachukua kama joto la siku hiyo linavyomruhusu.

Sasa tazama ramani yetu. Uwanja wa Dar una njia ya mita 3,000. Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, una mita 3,600, hapo hata dege la jumbo linashuka bila wasiwasi. Lakini Tanga kwa miaka mingi imekuwa na lami ya mita 1,200 na ushei. Jeti nyepesi kwenye karatasi inaingia. Kwenye joto, ikiwa imejaa watu na mafuta, inabana. Na anayeamua si bosi wala rubani peke yao. Kampuni ya bima nayo ina neno, na neno lake huja kwa maandishi. Jeti ya kati, hapo usijidanganye. Na hapa Mombo? Hapa jeti ya kawaida itatua kwenye majaruba ya mpunga labda, nayo haitaruka tena.

Kwa hiyo bosi wa mpwa wangu akitoka Dar kwenda kukagua shamba lake kwa jeti, lazima ashukie Tanga, kisha apande gari kilomita 130 hivi kupitia Segera na Korogwe. Akishukia Kilimanjaro, anarudi kwa barabara kupitia Moshi na Same zaidi ya kilomita 250. Huo si usafiri tena, hiyo ni hija.

Hebu tupige saa. Kutoka ofisini Dar mpaka uwanja wa ndege, na foleni ile, weka saa moja. Ukaguzi na kusubiri ruhusa ya kuruka, dakika 40. Dar mpaka Tanga kwa anga ni kilomita 200 kasoro kidogo: jeti dakika 25, na pangaboi kama Cessna Caravan dakika 40 mpaka 45. Tanga mpaka Mombo kwa gari, masaa mawili. Jumla, jeti masaa manne na dakika chache, pangaboi masaa manne na nusu hivi. Na gari la kampuni likitoka Dar moja kwa moja, kilomita 330 na ushei, pamoja na vibao vya 50 na matrafiki wenye tochi, masaa matano na nusu mpaka sita.

Umeona? Mamilioni ya dola yote yale, bosi amemzidi mwenye pangaboi dakika 20. Muda wa kunywa chai na andazi moja.

Siri yenyewe iko hivi: jeti inakula faida yake kule juu, kwenye futi 35,000 na zaidi, ambako hewa ni nyembamba na mafuta yanakwenda taratibu. Safari ya kilomita 200 haifiki huko. Inapanda, kabla haijakaa sawa inaanza kushuka. Jeti kwenye safari fupi ni sawa na kununua basi la mwendokasi ulipeleke mtoto shule jirani.

Ndiyo maana huku kwetu Caravan ndiyo punda wa kazi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1984, injini yake ni moja, panga mbele, magurudumu hayakunjwi, na inatua kwenye nyasi na changarawe ya mita mia saba au nane bila kulalamika. Inakunywa mafuta lita 190 hadi 200 hivi kwa saa. Jeti nyepesi inakunywa kama mara tatu ya hapo. Anayetaka kasi kidogo na kiyoyozi, kuna Pilatus PC-12 ya Waswisi, nayo injini moja, inakwenda kilomita 500 kwa saa, au King Air za injini mbili. Madaktari wa AMREF wanaoruka kutoka Wilson tangu mwaka 1957 wanaijua PC-12 vizuri, maana mgonjwa hachagui kuugulia penye lami.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "hakuna jeti inayotua kwenye vumbi?"

Ipo, mama. Waswisi walewale wa Pilatus walitengeneza PC-24, ikapata vyeti vya Ulaya na Marekani Desemba 2017. Ina injini mbili za jeti, mlango mkubwa wa mizigo nyuma, na imetengenezwa ituemo hata changarawe na nyasi. Inahitaji mita 940 kwa namba za kipeperushi, na inakwenda kilomita 3,700 ikiwa na abiria wanne. Madaktari wa angani wa Australia wanaitumia. Ni mashine nzuri, sisemi uongo. Lakini bei yake mpya ni zaidi ya dola milioni 10, na bado kiwanja cha changarawe utakijenga wewe, utakishindilia wewe, utakizungushia uzio ili mbuzi na punda wasikatize, na mamlaka ya anga, TCAA, watakuja kukikagua kabla hujashusha hata tairi moja.

Swali la pili: utabeba nani, na utakwenda mbali kiasi gani? Kipeperushi kinasema viti 9. Kipeperushi hichohicho kinasema kilomita 3,900. Hakisemi kwamba viti 9 na kilomita 3,900 mara nyingi haviji siku moja. Ukijaza watu na masanduku, unapunguza mafuta. Ukijaza mafuta, unamwacha shemeji uwanjani. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja tu: "Nikiwa na watu sita na mizigo yao, siku ya nyuzi 32, kutoka Dar, nafika wapi bila kusimama?" Akianza kuzunguka-zunguka, mwache amalize soda yake aende.

Johannesburg ni kilomita 2,400 na ushei kutoka Dar, jeti nyepesi nzuri inafika. Mwanza ni 850, inafika na kurudi. Lakini Dubai, ambako mabosi wetu wengi ndiko roho zao zilipo, ni karibu kilomita 4,000. Jeti nyepesi haifiki. Jeti ya kati kama XLS kwenye karatasi inakaribia kufika, lakini rubani mwenye akili haendi na tone la mwisho, lazima abaki na akiba ya kwenda uwanja mwingine. Basi atasimama njiani kujaza mafuta, Djibouti au Addis Ababa. Na wakati bosi amesimama Djibouti anapepewa na joto, mwenzake aliyekata tiketi ya biznesi klasi kwenye ndege ya Emirates amelala, ameshavushwa.

Swali la tatu linahusu shingo. Watu hawaliulizi, wanaona aibu. Ndani ya Phenom 300 dari iko kama mita moja na nusu, kwa hiyo mtu mzima anatembea ameinama kama anaingia jikoni kwa mkwe. XLS ni mita 1.73, hapo wafupi wanasimama wima. Na choo? Kwenye jeti nyingi ndogo choo kipo nyuma, na katika nyingine kinachokitenga ni pazia au kijimlango chembamba. Sasa fikiria umemchukua mteja wa Kichina wa singa, mwenye kampuni nzima, amekula biriani ya Dar... naishia hapo, hili gazeti linasomwa na watoto.

Swali la nne ndilo lililomtoa jasho mpwa wangu: itaruka masaa mangapi kwa mwaka?

Nilimwambia achukue vocha zote za safari za bosi za mwaka uliopita, azipange kwenye meza. Akakesha nazo. Akapata safari 31: shambani 22, Nairobi 5, Johannesburg 2, Dubai 2. Tukazigeuza kuwa masaa ya jeti. Shambani kupitia Tanga, kwenda na kurudi saa moja, jumla 22. Nairobi masaa mawili na nusu kila safari, jumla 12 na nusu. Johannesburg saba kila safari, jumla 14. Dubai 12 kila safari, jumla 24. Zote pamoja masaa 72 na nusu.

Wazoefu wa biashara hii wana kanuni yao ya kidole gumba. Chini ya masaa 150 au 200 kwa mwaka, kodi. Ukifika 400, ndipo uanze kufikiria kununua. Katikati hapo, shirikiana na mwenzako mnunue mmoja. Masaa 72 na nusu ni ya mtu wa kukodi, tena wa kukodi kwa kuchagua.

Kwa nini? Kwa sababu ndege inakula hata ikiwa imelala. Marubani wawili wanalipwa mshahara mwezi mzima, iruke isiruke. Kila mwaka warudi darasani kwenye mashine ya kuigiza ndege, nayo haipo Korogwe, ipo Afrika Kusini, Ulaya au Marekani, na nauli na hoteli juu yako. Bima. Banda la kulaza ndege. Sevisi za kalenda, ambazo fundi hazihesabu kwa masaa bali kwa miezi, umeruka hukuruka. Fundi mwenyewe mwenye cheti cha aina hiyo ya ndege unaweza kumfuata mpaka Wilson. Hayo yote kwa jeti nyepesi ni laki kadhaa za dola kwa mwaka. Tukadirie laki tano tu. Gawanya kwa masaa 72 na nusu: karibu dola 6,900 kwa kila saa, na bado hujatia tone la mafuta. Lakini anayeruka masaa 400, gharama ileile inamwangukia dola 1,250 kwa saa. Unaona sasa kwamba jeti si ya mwenye pesa tu, ni ya mwenye safari.

Kuna wajanja watasema, "Sisi tutanunua mtumba." Kweli, unaweza kupata Citation ya miaka ya 1980 kwa bei ya chini kuliko Caravan mpya. Bei hiyo ni chambo, ndoano iko ndani. Ukaguzi mkubwa mmoja wa ndege kuukuu unaweza kuzidi bei uliyoinunulia. Ukinunua mtumba, fanya haya: mlipe fundi wako mwenyewe, asiye rafiki wa muuzaji, aifungue. Soma vitabu vyake vya kumbukumbu tangu siku ilipozaliwa, na penye ukurasa uliopotea ujue na bei ishuke. Uliza injini zimebakiza masaa mangapi kabla ya kufumuliwa. Na ikiwa ilikaa pwani, tazama kutu. Chumvi ya bahari ya Dar na Tanga hailali, inakula bati usiku na mchana.

Swali la tano wengi hawalipendi. Nani atakuwa bosi angani? Nimeona matajiri waliozoea kumfokea dereva: "Kanyaga, tunachelewa!" Dereva anakanyaga. Ukimfanyia hivyo rubani, unaandika wosia. Hapa kwetu milima ya Usambara inasimama ghafla kutoka tambarare, na mawingu yanaikumbatia asubuhi nzima. Rubani akisema leo haturuki, haturuki. Kampuni isiyoweza kuandika sharti hilo kwenye karatasi, na bosi akaweka sahihi yake chini, haistahili kumiliki hata kishada.

Sasa turudi kwenye mfano wa wakubwa, maana Mtanzania hasomi habari ya jeti bila kukumbuka ile ya awamu ya tatu. Serikali ilinunua Gulfstream G550 kwa zaidi ya dola milioni 40. Kauli iliyobaki vijiweni ni ile inayonasibishwa na waziri wa fedha wa wakati huo, marehemu Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata ikibidi watu wale nyasi. Watu hawakumbuki kwamba ndege ile inaruka kilomita 12,000 na zaidi bila kusimama. Hawakumbuki kwamba Uganda nao walichukua ya aina hiyohiyo mwaka 2009. Wanakumbuka nyasi. Somo kwa mwenye kampuni ni hilo: ndege yako, wafanyakazi hawataipima kwa kasi. Wataipima kwa mishahara yao.

Na mfano wa upande wa pili upo pia, tena wa hapahapa. Marehemu Michael Shirima alipoanzisha Precision Air mwaka 1993 kule Arusha, hakuanza na jeti. Alianza na Piper Aztec, kindege cha viti vitano, kuwapeleka watalii. Kikafanya kazi, kikalipa, ndipo zikaja kubwa. Mtu aliyekuwa anauza viti vya ndege alianza na pangaboi, sembuse wewe unayeuza singa?

Kwa kuwa tumetaja singa, tumalize hesabu. Nchi hii mwaka 1964 ilizalisha tani kama 230,000 za mkonge, ndiyo ilikuwa kilele. Baadaye tukaporomoka mpaka mashamba mengi yakageuka vichaka, na walioyafufua wanajua jasho lililotumika. Chukua tani moja ya singa kwa dola 1,500, kwa hesabu ya kufupisha tu. Jeti ya dola milioni 10 ni tani 6,600 na ushei. Na singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kwa hiyo kuna majani zaidi ya tani 160,000 ya kukatwa kwa mkono, kufungwa matita, kubebwa mgongoni, kupakiwa, kupitishwa kwenye korona, kuanikwa, kupigwa brashi. Zaidi ya tani 160,000, ili mtu mmoja awahi dakika 20.

Mpwa wangu aliyaandika hayo yote kwenye karatasi mbili, bila maneno makali. Kwa safari za nje, tiketi za kawaida za ndege za abiria, daraja la biashara, na kukodi jeti siku za dharura tu. Kwa safari za shamba, kukodi pangaboi mpaka Tanga siku zenye haraka, siku nyingine gari. Na mstari wa mwisho: beringi ya korona na overtaimu ya miezi miwili, jumla yake ni kiasi gani, na ni sehemu ndogo kiasi gani ya malipo ya kwanza tu ya jeti.

Bosi alisoma akanyamaza. Kisha akauliza swali moja: "Na wenzangu kule Nairobi watanionaje?"

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu kweli yule, akajibu, "Watakuona unalipa, mzee."

Kwa taarifa nilizopata, overtaimu imelipwa na beringi imeletwa. Kuhusu ndege, bosi amekubali kukodi mwaka mmoja na kuandika daftari la kila safari: alitoka saa ngapi, alifika saa ngapi, na biashara gani ilipatikana huko alikokwenda. Kile kipeperushi cha PC-24 ameking'ang'ania, kiko kwenye droo. Hilo mimi sina ugomvi nalo. Kuota si dhambi, na mkonge ukipanda bei, masaa yakifika 400, kiwanja kikashindiliwa na watu wakawa wanalipwa tarehe 30, basi na anunue, sisi tutakwenda kupiga makofi.

Wewe msomaji mwenye kampuni, kabla hujampigia muuzaji simu, jibu maswali yangu matano kwa maandishi: natua wapi, nabeba nani na kwenda wapi, naweza kusimama wima humo ndani au siwezi, naruka masaa mangapi, na nani bosi angani. Ukishindwa kujibu hata moja, barabara ya Chalinze mpaka Segera ipo, ina lami, na Mombo chipsi hazijaisha.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, tutaongea habari za wachumba wanaoazima magari ya kwendea posa. Kwaherini.